Familia isishushwe kwenye patisheni: nyumba ya kupanga Dubai

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na familia zinazojiandaa kuhamia Dubai. Mtu akipata kazi huku, nyumbani huulizwa mshahara ni kiasi gani na tiketi analipa nani. Suala la nyumba huachwa mpaka mke na watoto wameshatua uwanja wa ndege, na hapo ndipo kundi la WhatsApp linapotoa ushauri wake wa siku zote: "Anzieni patisheni, mtahama mdogo mdogo." Kazi yetu sisi ni nyumba za kupanga katika jiji hili, na ushauri huo tunaupinga. Unawala watu fedha, na unawakosesha viza.

Kwa asiyeijua, patisheni ni kipande cha sebule au cha chumba kilichozibwa kwa jipsamu au mbao nyembamba, ndani ya fleti ambayo tayari ina watu. Fleti ya vyumba viwili inakatwa vipande sita, jiko moja, vyoo viwili, na AC iliyofungwa kwa ajili ya sebule nzima sasa inapuliza kipande kimoja tu. Kuweka kuta hizo bila kibali cha Manispaa ya Dubai ni kosa, na Juni 2025 manispaa iliendesha msako Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Barsha, Al Satwa na Al Raffa. Baadhi ya mitaa hiyo ndiko wageni wetu huelekezwa kwanza. Anayetolewa nje ni aliyelala mle. Aliyempangisha kwa kawaida si mwenye nyumba, ni mpangaji mwenzake aliyekodi fleti nzima, kwa hiyo hakuna mkataba wa kudaia alicholipa. Kijana asiye na familia hubeba begi lake akahamia jengo la jirani. Mama mwenye watoto wawili wa shule ataenda wapi usiku huo?

Tuseme msako haukuja. Patisheni bado haina Ejari. Ejari ni usajili wa mkataba wa upangaji katika mfumo wa Idara ya Ardhi ya Dubai, na ndiyo karatasi inayofungua mengine yote. Bila hiyo DEWA, shirika la umeme na maji, haliunganishi nyumba kwa jina lako, na maombi ya viza ya familia hayakamiliki. Anayemdhamini mwenzi wake na watoto anatakiwa awe na mshahara usiopungua dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na makazi, na aonyeshe nyumba. Anayewaleta watoto kwa viza ya matembezi akitarajia kuibadilisha huku akiwa patisheni anapoteza siku tu. Viza ikimalizika, faini ni dirham 50 kwa siku kwa kila mtu.

Utaratibu ulio salama ni aliyepata kazi kutangulia peke yake. Apimwe afya, apate kitambulisho cha Emirates, afungue akaunti ya kuingizia mshahara, kisha aombe kitabu cha hundi. Hicho kitabu ndicho kinachowakwamisha wengi. Kodi ya Dubai hutajwa kwa mwaka na hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele, na benki haikupi kitabu cha hundi siku unayofungua akaunti. Hutaka kwanza kuona mshahara unaingia. Katika wiki hizo vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwe vinazunguka: wizara ya mambo ya nje nyumbani, ubalozi wa Falme za Kiarabu, na mwisho wizara ya mambo ya nje ya huku. Ukianza kuvihangaikia baada ya kupata nyumba, utakuwa unalipia fleti tupu huku familia bado iko Mwanza au Kisumu.

Sasa hesabu. Mtu wa Nairobi amezoea kodi ya mwezi na amana ya mwezi mmoja au miwili. Mtu wa Dar amezoea kutoa miezi sita au mwaka mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali. Wote wawili wakisoma tangazo la Dubai hugawa kodi kwa 12, wakaona wanaimudu. Tuchukue fleti ya chumba kimoja na sebule, isiyo na samani, ya dirham 72,000 kwa mwaka, inayolipwa kwa hundi nne. Hundi ya kwanza ni 18,000 na inachukuliwa siku ya kusaini. Amana ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka, yaani 3,600. Nyumba yenye samani huwa asilimia 10. Dalali naye huchukua asilimia 5, nayo ni 3,600, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, dirham 180. Ejari ukiisajili kupitia ofisi za uchapaji ni kama 220. DEWA wanataka amana ya 2,000 kwa fleti (nyumba ya peke yake ni 4,000) na ada ndogo ya kuunganisha. Ukijumlisha bila hiyo ada ndogo, siku ya kwanza unahitaji dirham 27,600. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, kwa hiyo ni zaidi kidogo ya dola 7,500, na hujanunua hata sufuria.

Na sufuria haitatosha. Fleti isiyo na samani Dubai maana yake mara nyingi haina jiko la kupikia, friji wala mashine ya kufulia. Nyingine hata taa ni nyaya zinazoning'inia darini. Vitu vya mtumba vipo vingi, hasa mwezi Juni wakati wageni wengi wanaondoka, lakini vitengee dirham elfu kadhaa. Uliza pia jiko la jengo ni la gesi ya bomba, ya mtungi au umeme. Kuna majengo hayaruhusu mtungi kabisa, na gesi ya bomba ina amana yake na kampuni yake.

Halafu kuna gharama ambayo tangazo halitaji: ada ya nyumba ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka, inayogawanywa kwa 12 na kuingizwa kwenye bili ya DEWA. Kwa mfano wetu ni dirham 300 kila mwezi. Umeme wenyewe hupanda kwa ngazi: fils 23 (fils 100 ni dirham moja) kwa uniti mpaka uniti 2,000 kwa mwezi, 28 kwa zile zinazozidi hapo mpaka 4,000, kisha 32, na 38 kuanzia 6,000. Familia itakayotumia uniti 1,500 mwezi Agosti italipa dirham 345 za umeme, kabla ya nyongeza ya mafuta, maji na hiyo ada ya nyumba.

Ila hiyo ni pale AC inapotumia umeme wa DEWA. Katika mitaa mingi mipya ubaridi unatoka kwenye mtambo wa mtaa mzima, na bili inaletwa na kampuni nyingine, kama Empower au Emicool, yenye amana yake pia. Bili hiyo ina sehemu mbili. Moja ni ya ubaridi uliotumia. Nyingine ni ada ya uwezo, inayopigwa kwa tani za ubaridi zilizotengewa fleti yako, na hiyo hailali: nyumba ikifungwa miezi miwili familia iko likizo Tanga, inaendelea kuhesabiwa. Katika mikataba mingine mwenye nyumba ndiye huilipa, katika mingine mpangaji. Ndiyo maana fleti ya 68,000 yenye bili ya ubaridi inaweza kukugharimu kuliko ya 72,000 ambayo ubaridi umo ndani ya kodi. Omba kuona bili ya Agosti na ya Januari ya mpangaji aliyetoka. Dalali anayesema "ni kidogo tu" bila kuonyesha karatasi hajui, au anajua.

Kuhusu mtaa tutasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe ni moja: tafuta shule kwanza, nyumba baadaye. Watoto wa wageni karibu wote husoma shule za binafsi. Mamlaka ya elimu, KHDA, huchapisha daraja la ukaguzi na ada za kila shule. Ukishapata nafasi ya mtoto ambayo mfuko unaiweza, omba ramani ya mabasi ya shule hiyo, ndipo uchague mtaa. Anayefanya kinyume hujikuta na mtoto wa miaka sita ndani ya basi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Muhula huku huanza mwisho wa Agosti, na shule za mtaala wa Kihindi huanza Aprili, tofauti na Januari yetu. Kwa hiyo panga mkataba uishe Juni au Julai, ili siku ukihama uhame watoto wakiwa likizo.

Deira na Bur Dubai zina metro, masoko na watu wetu, lakini majengo mengi ni ya zamani na maegesho ni shida tupu. Al Nahda na Al Qusais zimekaa vizuri kwa familia za kipato cha kati, karibu na njia ya kijani ya metro, ila ndege za uwanja wa DXB zinasikika, na Mirdif vilevile. International City ni nafuu, lakini metro haijafika. Njia ya buluu itakayopita huko imepangwa kufunguliwa Septemba 2029. Upande wake ulio karibu na mtambo wa majitaka wa Al Aweer, nenda ukanuse jioni kabla ya kulipa chochote. Sharjah kodi ni ndogo kweli, ila anayefanya kazi Dubai atailipa tofauti hiyo barabarani. Barabara ya Al Ittihad asubuhi haina huruma, na akivuka mageti ya tozo ya Salik saa za msongamano, kila geti ni dirham 6.

Kwenda kuitazama nyumba ndiko tunakotaka wasomaji wakae kidogo. Nenda saa tisa alasiri, usikubali kupelekwa asubuhi. Saa tisa ndipo kioo kinachotazama magharibi kinapoonyesha kazi yake. Washa AC zote kwa pamoja, uziache dakika 20 ukikagua mengine, kisha weka mkono kwenye tundu la kila chumba. Chumba cha mwisho wa bomba la hewa ndicho kinachokuwa na upepo wa uvuguvugu, na ndicho kitakachopewa watoto. Nusa hewa inayotoka. Harufu ya nguo mbichi ina maana kuna ukungu ndani ya mabomba, na mtoto mwenye pumu hataweza kulala humo. Tazama dari kuzunguka tundu: doa la kahawia lenye ukingo mweusi ni maji ya AC yanayovuja kwa sababu bomba lake la kutolea maji limeziba.

Ingia bafuni, fungua bomba la mvua na la sinki pamoja, kisha vuta maji ya choo. Ukiona mvua inageuka kamba nyembamba, pampu ya jengo imechoka. Kama ni kati ya Juni na Septemba, fungua bomba la maji ya baridi uache yatiririke: yakizidi kuwa moto, tangi liko juu ya paa bila kivuli. Wenyeji huzima hita mwezi Mei na kuoga kwa bomba lake la maji moto, kwa kuwa maji yaliyokaa ndani ya hita, chini ya dari yenye AC, ndiyo yaliyo poa. Ujanja huo unawezekana tu kama hita iko ndani ya fleti; ikiwa ni ya pamoja kwa jengo zima, mtoto mchanga utamwogesha kwa maji ya ndoo yaliyolala usiku kucha.

Chukua tochi ya simu. Angalia chini ya sinki la jikoni na nyuma ya bawaba za makabati: mende hawajifichi mbali. Kisha kagua kingo za soketi za umeme zilizo karibu na mahali kitanda kilipokaa, na ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta. Vidoa vyeusi vidogo kama vya kalamu ni vya kunguni. Majengo yenye vitanda vya kukodisha huwasambaza kupitia mabomba na soketi, na kupulizia dawa fleti moja peke yake hakusaidii. Hapo usijadiliane bei, ondoka.

Kwa wenye watoto wadogo kuna madirisha. Yasifunguke zaidi ya sentimita 10, na yawe na kizuizi cha chuma. Kisipokuwepo, kiandikwe kwenye mkataba kwamba mwenye nyumba atakifunga kabla ya ninyi kuingia. Baraza isiwe na ukingo wenye fito za kulala ambazo mtoto anaweza kuzipanda kama ngazi. Kwenye minara mirefu uliza kuta za nje zimevikwa nini. Jiji hili limeona moto ukipanda kwa nje katika Torch Tower mwaka 2015 na tena 2017, na si aibu kumwuliza msimamizi wa jengo ngazi za dharura ziko wapi na kengele ilijaribiwa lini. Baada ya mvua kubwa ya 16 Aprili 2024, uliza pia maegesho ya chini yalijaa maji au hapana. Mlinzi wa jengo atakuambia ukweli haraka kuliko dalali.

Sasa karatasi. Tangazo halali lina namba ya kibali cha Trakheesi, mfumo wa Idara ya Ardhi wa vibali vya matangazo, na msimbo wa kuchanganua kwa simu. Uchanganue. Ukikuta nyumba tofauti na picha, au hakuna kitu, tangazo ni la uongo. Dalali halali ana kadi yenye namba yake, na namba hiyo unaitafuta kwenye programu ya Dubai REST ya Idara ya Ardhi. Baada ya hapo dai nakala ya hati ya umiliki na nakala ya pasipoti au kitambulisho cha mwenye nyumba, uone jina ni lile lile. Kama anayesaini ni mwakilishi, awe na hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, na hati hiyo itamke kwamba anaruhusiwa kupangisha na kupokea fedha. Zote mbili zitamkwe.

Hundi za kodi na ya amana ziandikwe jina la mwenye nyumba, au la kampuni inayosimamia jengo kama hati inaitaja. Kamwe zisiandikwe jina la dalali. Yeye hulipwa kamisheni yake kwa hundi iliyoandikwa jina la ofisi yao, si jina lake binafsi. Utapeli unaorudiwa kila mwaka uko hivi: mtu anakodi fleti ya likizo kwa wiki moja, anapiga picha, anatangaza kwa bei ya chini kidogo ya soko, anaonyesha funguo, na anataka fedha taslimu "ili asije mwingine akaiwahi". Wapangaji watano wanalipa, kisha wote wanakutana mlangoni siku moja na masanduku. Bei iliyo chini ya majirani kwa robo nzima haina maelezo mengine.

Hundi nazo ziogopwe kwa kiasi chake. Tangu Januari 2022 hundi inayorudi kwa kukosa fedha kwa kawaida si tena kesi ya jinai, lakini mwenye nyumba anaweza kwenda nayo moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama bila kufungua kesi ndefu, na akaunti ikafungwa au zuio la kusafiri likaombwa. Mikataba mingi huongeza faini kwa kila hundi inayorudi. Usiandike hundi ya tarehe 1 kama mshahara wako huingia tarehe 3. Omba tarehe 5. Karibu wote hukubali wakiombwa mapema.

Mkataba wenyewe una fomu ya kawaida ya Idara ya Ardhi, na nyuma yake huambatishwa karatasi ya masharti ya ziada. Hiyo ya nyuma ndiyo isomwe mara mbili. Sheria namba 26 ya mwaka 2007 inamtwisha mwenye nyumba matengenezo isipokuwa mmekubaliana vingine, na "vingine" huandikwa pale: mara nyingi matengenezo ya chini ya dirham 500 ni ya mpangaji. Hakikisha neno "kwa kila tatizo" lipo, na AC isihesabiwe humo. La pili ni kuvunja mkataba kabla ya wakati. Sheria haikupi haki ya kujiondolea katikati ya mwaka. Kinachokuokoa ni kifungu mlichoandika wenyewe, na kilichozoeleka ni notisi ya miezi miwili na fidia ya kodi ya miezi miwili. Mfanyakazi wa mkataba wa kazi wa miaka miwili asiyekuwa na kifungu hiki akiachishwa kazi mwezi wa nne, hundi zake bado ziko mezani kwa mwenye nyumba.

Kodi kupandishwa kuna ngazi zake, zilizowekwa na Amri namba 43 ya 2013. Kodi yako ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 10 au pungufu, haipandi. Ikiwa chini kwa asilimia 11 hadi 20, inaweza kupanda asilimia 5. 21 hadi 30, asilimia 10. 31 hadi 40, asilimia 15. Na zaidi ya hapo, 20. Wastani huo unatazamwa kwenye kikokotoo cha Idara ya Ardhi, ambacho tangu Januari 2025 kinaangalia daraja la jengo lako na si mtaa mzima. Kama unalipa 72,000 na kikokotoo kinasema 85,000, uko chini kwa asilimia 15 hivi. Mwenye nyumba anaweza kuongeza 3,600, si 13,000. Tena lazima akupe taarifa siku 90 kabla mkataba haujaisha, isipokuwa mmekubaliana muda mwingine. Ujumbe wa simu unaosema "soko limepanda" wiki tatu kabla haumpi haki hiyo.

Kukutoa ili auze au aishi mwenyewe kunahitaji notisi ya miezi 12, iliyopitia kwa mthibitishaji wa serikali au kwa barua iliyosajiliwa. Nyumba ikiuzwa ukiwa ndani, mnunuzi anaurithi mkataba wako. Na aliyekutoa kwa madai kwamba anaingia mwenyewe haruhusiwi kuipangisha kwa wengine kwa miaka 2. Mambo yakikwama kuna Kituo cha Migogoro ya Upangaji, Deira. Ada ya kufungua shauri ni asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka, isiyopungua dirham 500. Kwa mfano wetu 2,520. Kabla ya kumwogopa wakili wa mwenye nyumba, jua kwamba ada hiyo kituo kinaweza kuagiza aliyeshindwa aibebe.

Jambo jingine ni gumu kwetu kwa sababu ya undugu. Binamu akija kutafuta kazi, tunamlaza sebuleni. Tangu 2022 kila anayeishi katika nyumba ya kupanga anatakiwa kusajiliwa kwenye Dubai REST chini ya mkataba huo, jina kwa jina. Ukimtoza chochote bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba, umepangisha juu ya upangaji, na hiyo ni sababu halali ya kukutoa kabla ya mkataba kwisha. Msajili, mlaze bure, na mpeane tarehe. Nguo za kukaushia barazani nazo zina faini, mkaa wa mishikaki vilevile. Mwambieni na yeye.

Siku ya kukabidhiwa funguo piga video ya kila chumba, ukitaja tarehe kwa sauti, ukionyesha kila msumari na kila kigae kilichopasuka, na uitume kwa barua pepe ya mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Sheria inakutaka urudishe nyumba kama ulivyoipokea, uchakavu wa kawaida ukiondolewa. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida, ingawa amana nyingi hukatwa kwa jina la rangi. Siku ya kutoka, bili ya mwisho ya DEWA iwe mkononi kabla hujarudisha funguo.

Tunamalizia na ombi kwa anayesoma barua hii akiwa bado nyumbani, barua ya ajira iko mezani na hajaisaini. Pale palipoandikwa posho ya nyumba, uliza inalipwa kila mwezi au kwa mwaka mapema, na kama ni kila mwezi, uliza kampuni itakukopesha kiasi cha hundi ya kwanza na kukata kidogo kidogo. Waajiri wengi hufanya hivyo kwa anayeomba kabla ya kusaini, na wengi hukataa kwa anayeomba baada ya kufika. Jibu liwe kwa maandishi, likitaja kiasi na mwezi litakapolipwa.

Wenu,
Washauri wa nyumba za kupanga,
Al Nahda, Dubai